Jogoo Hewani, Jogoo Benchini

Sehemu ya kumi na moja

Barua zenu nimezisoma. Kuna msomaji ameapa kwamba yule bosi asipozimia pale pale mlangoni, yeye hanunui tena gazeti hili. Kuna mwalimu mstaafu ametuma kurasa nne, na mchoro juu yake, kunionyesha namna Jogoo atakavyotorokea dirisha la choo. Poleni nyote wawili. Bosi hakuzimia, na dirisha la choo lina nondo.

Kwa aliyekuwa safarini, nitasema kwa kifupi. Jogoo ni yule mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha redio ya umma. Miaka ishirini na miwili ameuamsha mji saa kumi na mbili kamili, mpaka jina lake halisi limebaki kwenye vitambulisho tu. Alhamisi hii hakuamsha mtu. Kipindi alikirekodi jana yake mchana, na "habari za asubuhi" zake zote ndani, akamwachia fundi mitambo akirushe kana kwamba ni cha moja kwa moja. Yeye akaenda kwa siri kwenye redio ya washindani kufanyiwa usaili. Huko walimwahidi kubandika picha yake njia panda, kubwa kuliko nyumba. Akakaa benchi la mapokezi, karatasi ya namba saba mkononi, gazeti usoni. Mlango ukafunguliwa. Akaingia bosi wake.

Hapo ndipo tulipoachana. Haya, tuendelee, maana saa inakwenda na leo saa ina kazi.

Bosi alisimama mlangoni akidondosha maji ya mvua. Kituoni walimwita Bwana Ratiba, kwa sababu hata chafya aliipangia muda. Mfuko wa shati ulikuwa na redio ndogo ambayo hakuizima tangu apate cheo, na ndani ya redio ile alikuwamo Jogoo.

"Na mimi niko hapa hapa studioni, wapendwa," ilisema redio kwa furaha, "dirisha liko wazi, nalitazama jua linavyong'aa!"

Nje mvua ilikuwa inapiga mabati.

Bwana Ratiba aliitazama redio. Akamtazama mtu aliye nyuma ya gazeti, gazeti lenyewe limegeuzwa juu chini. Akaitazama redio tena.

"Wewe," akasema polepole, "uko wapi?"

"Studioni, mkuu." Jibu lilimtoka Jogoo lenyewe.

"Na huyu aliyekaa hapa?"

"Huyu amekuja mara moja tu, mkuu. Anarudi sasa hivi."

Uso wa Bwana Ratiba ulianza kuvimba. Akanyoosha kidole. "Kanuni za utumishi, sura ya nne, kifungu cha..."

Hakukimaliza kifungu. Katibu muhtasi wa washindani alichungulia kutoka ndani, kalamu sikioni.

"Samahani, namba nane ameshafika? Yule wa nafasi ya mkuu wa vipindi?"

Jogoo akateremsha macho taratibu mpaka kwenye mkono wa bosi wake. Kile kidole kilichokuwa kinamsuta kilikuwa kimebana karatasi ndogo. Namba nane, wino haujakauka.

"Anakuja," akasema Jogoo kwa upole. "Yuko njiani, dada."

Katibu akarudi ndani. Bwana Ratiba akashusha kidole, akajikohoza, akapangusa benchi kwa kitambaa.

"Hebu sogea kidogo," akasema.

Jogoo akasogea. Wakakaa bega kwa bega kama abiria wasiojuana, na katikati yao ile redio ikiendelea kuwasomea wote wawili hali ya hewa ya uongo.

"Kwa hiyo kila asubuhi mimi nasaini daftari kwamba uko studioni," bosi akanong'ona.

"Leo umesaini saa ngapi, mkuu?"

"Jana."

"Basi tuko sawa."

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Kama mambo yangeishia hapo, wangetoka wanacheka, na mimi ningekosa cha kuwaandikia. Lakini simu ya Bwana Ratiba ikalia.

Aliyepiga alikuwa Mhandisi wa maji. Huyu kama hamumfahamu, mwelewe: ndiye mgeni wa kipindi cha leo, yaani wa jana. Siku hiyo mji ulikuwa unazindua mtambo mpya wa kusafisha maji, na idara ya maji ilikuwa imebuni jambo ikaliita Kikombe cha Pamoja. Saa tatu kamili, mji mzima usimame na kikombe cha maji ya bomba, Jogoo ahesabu redioni kutoka kumi mpaka moja, wote wanywe. Wiki nzima watu walikuwa wanatangaziwa hivyo. Kuhesabu kulisharekodiwa, ingawa Mhandisi aliambiwa kutakuwa kwa moja kwa moja. Mlio wa kumeza maji nao ulisharekodiwa, kwa maji ya chupa ya dukani, kwa sababu Mhandisi alikataa katakata kunywa ya bomba. Alisema tumbo lake halijazoea.

"Mkuu," sauti ya Mhandisi ilisikika mpaka kwa Jogoo, "yule mtangazaji wako nampigia hapokei."

"Yuko hewani," akasema Bwana Ratiba, akimtazama Jogoo usoni. "Atapokeaje?"

"Mwambie asihesabu! Kikombe kifutwe! Jana mkubwa wetu alisema mgeni rasmi anakuja, maji yang'ae. Dawa ya kusafishia ni gunia moja. Vijana wameweka kumi."

"Kumi?"

"Ili yang'ae, mkuu. Na yanang'aa kweli, ukiyaona utayapenda. Yatakuwa mabombani kuanzia saa tatu kasoro robo."

Jogoo akampokonya bosi simu bila hata kuomba. "Mtu akinywa inakuwaje?"

"Mtu mzima ataunguzwa koo, tumbo litavurugika, siku mbili tatu kitandani. Mzee au mtoto mdogo... Mtoto mdogo sithubutu kusema."

"Sasa si mfunge bomba, bwana!"

"Tukifunga, mgeni rasmi atafungua bomba gani?"

"Basi tangazeni!"

"Idara itatoa taarifa Jumatatu. Na mimi sijakupigia, tumeelewana?" Akakata.

Jogoo hakufikiria picha ya njia panda, wala kituo, wala mji. Nitasema kweli, alimfikiria mama yake. Mama alikuwa na miaka sabini na mmoja, na dunia nzima iseme, yeye alikuwa haamini kitu mpaka kisemwe na mwanawe redioni. Jogoo aliposema kutakuwa na jua, Mama alianika nguo kwenye mvua.

Akampigia kwa simu ile ile ya bosi. Mama akapokea kwa kishindo, na nyuma yake redio inavuma.

"Haloo, nani?"

"Mama, ni mimi. Nisikilize, usinywe maji ya..."

"Wewe nani?"

"Mwanao, Mama!"

"Mwanangu yupo redioni, namsikia hapa kwa masikio yangu. Matapeli wakubwa nyie! Ndio nyie mliomwambia jirani yangu ameshinda gari."

"Mama, sauti yangu si unaijua?"

"Naijua sana. Ndiyo hii inayosoma michezo sasa hivi."

"Hiyo ni ya jana! Nimerekodi!"

"Ya jana inajuaje leo ni Alhamisi? Anasema hapa, Alhamisi njema. Tapeli wa watu, hata uongo wenyewe hujui."

Jogoo akashika kichwa. "Mama, niulize kitu ambacho mwanao peke yake anakijua. Chochote!"

Mama akafikiri. Alikuwa mtu wa haki.

"Haya. Paka wangu anaitwaje?"

Hapo sasa. Jogoo hakuwa amekanyaga kwa mama yake kwa miezi kumi. Kila Jumapili aliahidi, na kila Jumatatu alimtumia salamu hewani, "kwa mama yangu mzazi, popote ulipo," akaona ameshamtembelea.

"Si... si yule mweusi?"

"Mweusi alikufa mwaka jana," akasema Mama, na sauti ikawa baridi kabisa. "Mwanangu nilimwambia, akanipa pole vizuri. Mshindwe na mlegee!"

Simu ikakatika. Jogoo alibaki ameishikilia sikioni. Kumpa pole alimpa, ndiyo. Alimpa huku akipitia matokeo ya mpira.

Katibu muhtasi akachungulia tena. "Namba saba, karibu ndani."

Jogoo akasimama. Akautazama ule mlango. Bwana Ratiba naye alimtazama, na kwa mara ya kwanza alisema maneno ambayo hayakuwa kwenye kanuni.

"Kaa chini, ufikiri. Ukiingia hewani ukasema wewe ndiye wa leo, umekiri kwamba yule mwingine ni wa kubandika. Kwetu hutarudi. Na hawa nao, mtangazaji aliyedanganya mji mzima watamfanyia nini? Miaka ishirini na miwili, bwana! Utaimaliza kwa dakika moja."

"Mkuu, funguo za akiba za studio unazo? Fundi alisema atajifungia ndani."

"Ninazo, lakini..."

"Gari lako liko wapi?"

"Liko nje, lakini mimi ni namba nane!"

Jogoo alishamshika mkono. Walitoka mguu niponye, karatasi mbili zikipepea sakafuni, na nyuma yao katibu akiita namba tisa.

Kwenye gari Jogoo alimpigia fundi mitambo. Huyu fundi, kumbukeni, ndiye aliyekuwa amebaki kukilinda kipindi. Simu iliita mara sita. Ilipopokelewa, kelele za tarumbeta zilitoka kwanza.

"Uko wapi wewe?" Jogoo akafoka.

"Kwenye uzinduzi! Nimepata kibarua cha vipaza sauti! Usijali, kaka, mambo ni shwari. Nimebonyeza, nimefunga studio, funguo ninazo mfukoni!"

"Nenda ukazime! Zima!"

"Nimesikia, niongeze sauti! Naongeza!" Akakata.

Bwana Ratiba aliendesha kwa mwendo ulioandikwa kwenye vibao, wala hakuzidisha. Walipofika barabara kuu, mwendo huo nao ukaisha. Askari alikuwa amesimama katikati na koti la mvua. Barabara imefungwa, msafara wa mgeni rasmi unapita.

"Afande, kuna watu watakufa!" Jogoo akapiga kelele dirishani.

"Watasubiri," akasema askari. Kisha akainama, akamkazia macho. "Sauti yako kama ya Jogoo."

"Ndiye mimi!"

Askari akacheka mpaka kofia ikamwaga maji. Akaonyesha redio ya gari, ambamo Jogoo alikuwa anaimba siku ya kuzaliwa ya mtu. "Una kipaji, kijana. Endelea na mazoezi."

Jogoo akampigia tena Mama. Simu ilikuwa inatumika. Akapiga tena, inatumika. Alimjua mama yake. Alikuwa anawapigia majirani mmoja mmoja, awakumbushe kuandaa vikombe.

Redioni, saa mbili na dakika thelathini na tano, Mhandisi wa jana aliingia. "Maji haya," alisema kwa kujiamini, "nampa hata mjukuu wangu."

"Mkuu, nipe funguo nikimbie kwa miguu."

Bwana Ratiba akazishika funguo kwa mikono miwili. "Kwanza uandike."

"Niandike nini?"

"Kwamba ulifanya peke yako. Kwamba mimi nilikuwa sijui, nimepotoshwa, na nimesikitishwa. Niandikie nimesikitishwa sana."

Sasa nisikilizeni. Mimi nimesimulia watu wengi katika ukurasa huu, wezi, waongo na waliooa mara tatu, lakini mtu wa kudai barua wakati mji unakaribia kunywa sumu, huyu ni wa kwanza. Jogoo angeweza kumpiga. Aliichomoa barua yake ya maombi ya kazi, ile yenye sifa zake zote, akaigeuza nyuma, akaandika juu ya goti huku machozi ya hasira yanamtoka. Mimi peke yangu. Mkuu hakujua. Amesikitishwa.

"Sana," bosi akakumbusha.

Akaongeza sana, akasaini. Funguo zikadondoka mkononi mwake, naye akafungua mlango wa gari akatimua mbio kwenye mvua. Baada ya hatua ishirini akasikia mtu anahema nyuma yake. Bwana Ratiba alikuwa ameliacha gari. Barua ilikuwa salama mfukoni, lakini uso ulikuwa umemwiva.

"Mke wangu," akasema akihema. "Nimempigia. Hapokei. Naye huwa anafuata ratiba."

Walifika kituoni saa tatu kasoro dakika nane. Mlinzi wa getini aliwasimamisha.

"Jogoo? Si uko ndani?"

"Niko ndani. Fungua!"

Mlinzi akaandika kwenye kitabu chake kwamba Jogoo ameingia, akageuza kurasa nyuma atafute alitoka lini, na wao wakampita.

Studio ilikuwa kama fundi alivyoiacha. Taa nyekundu inawaka, kiti kitupu, kompyuta inajiendesha yenyewe, na mistari ya kijani inacheza kwa sauti ya mtu ambaye hayupo. "Zimebaki dakika chache tu wapendwa," alisema yule mtu. "Vikombe juu!"

Jogoo akaikimbilia kompyuta akasimama mbele yake mikono hewani. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo nilipomwonea huruma na kumcheka kwa pamoja. Miaka ishirini na miwili alikaa katika kiti kile, na hakuwahi kujua mashine inazimwaje. Kazi yake ilikuwa kuongea. Vitufe vilikuwa vya fundi. Alijua kimoja tu, kile cha kufungulia kipaza sauti chake, kwa sababu fundi alikipaka rangi nyekundu ya kucha ili asikosee.

Akabonyeza kitu. Kompyuta ikaomba neno la siri.

Akachomoa waya. Taa ya meza ikazimika. Akachomoa mwingine. Birika la chai likanyamaza. Akashika wa tatu.

"Usiguse!" akapiga kelele Bwana Ratiba. "Kituo cha umma kikikaa kimya zaidi ya sekunde kumi ni taarifa kwa wizara, nakala tatu!"

"Mkuu! Mkeo!"

Bwana Ratiba akafanya jambo la kishujaa kuliko yote katika utumishi wake. Akakimbilia kwenye swichi kuu ukutani, akafumba macho, akaishusha.

Giza. Kiyoyozi kikakata. Mistari ya kijani tu ndiyo iliyoendelea kucheza, maana kompyuta ilikuwa na betri yake, lakini mtambo wa kurushia ulikuwa umekufa. Kimya kikaingia, kimya kitamu. Jogoo alikaribia kupiga magoti.

Kisha nyuma ya jengo kitu kikakohoa, kikanguruma. Ilikuwa jenereta ya dharura, kitu pekee katika kituo kile kilichowahi kuwaka kwa wakati. Taa zikarudi, na Jogoo wa jana akatokea kwenye spika katikati ya sentensi, furaha yake haijapungua hata kidogo.

"Dakika tatu, wapendwa! Jazeni pomoni!"

Basi Jogoo akakaa. Akavaa vipokea sauti, akabonyeza kile kitufe chenye rangi ya kucha.

"Msinywe!" akasema. "Jamani, msinywe maji! Huyu mnayemsikia ni mimi wa jana. Nilirekodi. Niliwadanganya, sikuwa studioni, sikuwa naona jua lolote. Maji yamezidishwa dawa mara kumi. Mwageni! Mimi ndiye wa leo, mwageni!"

"Na maji yetu ni matamu ajabu," alisema Jogoo wa jana juu ya sauti yake.

"Si kweli!"

"Mimi mwenyewe nimeonja hapa hapa."

"Sikuonja! Ilikuwa ya chupa!"

Taa ya simu ikawaka. Jogoo akaipokea. Alikuwa mzee mmoja, anacheka mpaka anakohoa.

"Jogoo, leo umetuweza! Igizo zuri sana! Lakini yule wa kwanza ndiye bora, huyu wa pili anazidisha mno."

"Si igizo, mzee wangu! Mwaga maji!"

"Haya, haya, tunasubiri mwisho wake. Mke wangu ameshika kikombe hapa amevunjika mbavu."

Akakata. Taa nne zikawaka pamoja. Mmoja alitaka kujua zawadi ni nini. Mwingine alitaka kumpigia kura Jogoo wa kwanza. Wa tatu alisema amemwaga, na Jogoo akakaribia kulia kwa shukrani, mpaka mtu huyo akaongeza kwamba amejaza mengine, maana yale yalikuwa na harufu.

Jogoo akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Mji ulimshinda. Akabaki na mtu mmoja wa kumwomba.

"Mama," akasema. "Mama yangu, kama unanisikia. Nisamehe. Sijaja miezi kumi, najua. Paka simjui jina. Usinywe, Mama, nakuomba. Nipigie hapa studioni, unaijua namba, piga utanisikia."

"Dakika moja!" akashangilia Jogoo wa jana.

Bwana Ratiba alikuwa kwenye kona anampigia mkewe kwa simu mbili. Ile saa ya ukutani ilikuwa inajongea, na taa za simu zilikuwa zimezimika zote. Kisha moja ikawaka.

Aliidaka kabla haijaita mara ya pili. Na mdomo wake, mdomo ule uliokaa katika kiti kile miaka ishirini na miwili, ulitangulia kabla yeye mwenyewe hajafika.

"Naam, mpenzi msikilizaji, uko hewani! Jina lako nani na unapiga kutoka wapi?"

Upande wa pili, kwa mbali, zilisikika sauti za watoto wengi wanasukumana na kucheka, na vikombe vya plastiki vinagongana.

"Nimesikia wawili," akasema Mama. Alisema taratibu, kama anayejieleza mwenyewe. "Mmoja anasema tunywe, mmoja anasema tusinywe. Nina watoto wa chekechea barazani hapa, mwalimu wao kawaleta wote arobaini waje kunywa na mama yake Jogoo. Wameshika vikombe, wananitazama mimi. Nikasema, ngoja nipige. Kama kweli ni mwanangu, atanijua hata nikikohoa."

"Mama! Mama, ni mi..."

"Mwanangu asingeniuliza jina langu," akasema Mama, akakata simu.

Jogoo akapiga namba ile. Haikupokelewa. Akapiga tena. Ilikuwa inaita, alijua inaita mezani karibu na dirisha, na alijua Mama ameshatoka kwenda barazani na redio mkononi, ameinua sauti mpaka mwisho ili watoto wa nyuma nao wasikie.

Na kwenye spika Jogoo wa jana akavuta pumzi, akacheka kidogo kama alivyozoea, akaanza.

"Kumi..."